Kufundisha djembe na dunun kwa wanaoanza, bila kuwakosea wenyewe

Kila muhula, kwa anayefundisha djembe (ngoma ya umbo la kikombe inayopigwa kwa viganja) na dunun (ngoma za mkwiro zinazoandamana nayo), maswali ni yale yale. Nianze na mdundo gani? Ni lazima niwe na dunun? Wasichana wapige au wasipige? Mzazi akisema haya ni mambo ya mizimu, nimjibu nini? Tukipanda jukwaani tuvae nini? Majibu nimeyaweka hapa kwa ajili yako mwalimu wa shule, kiongozi wa kikundi cha vijana, au yeyote aliyeombwa kufundisha "ngoma za Afrika Magharibi" na anataka kazi hiyo aifanye kwa heshima.

Kwanza tuelewane: hakuna ngoma inayoitwa ya Afrika Magharibi. Wawolofu wa Senegal wana sabar, inayopigwa kwa mkono mmoja na kijiti kimoja. Waewe wa Ghana na Togo wana ngoma zao zinazofuata kengele ya chuma. Wayoruba wana dundun, inayobanwa kwapani na kutamka maneno kwa kupanda na kushuka sauti. Waashanti wana fontomfrom za machifu. Mgeni akichanganya isukuti ya Waluhya, sindimba ya Wamakonde na mdundiko wa Wazaramo, kisha akauita mseto huo ngoma ya Afrika Mashariki, utamsahihisha. Basi wewe nawe sema unachofundisha ni cha nani. Mwongozo huu ni wa djembe na dunun za Wamande, hasa Wamaninka wa Guinea na Mali.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Djembe zenye ngozi ya mbuzi, kimo cha kama sentimita 60, na uso wa sentimita 30 au zaidi kidogo. Si lazima kila mwanafunzi awe na yake. Darasa la watu ishirini linaweza kwenda vizuri na djembe nane, kwa sababu wengine watakuwa kwenye dunun, wengine wanaimba, wengine wanacheza. Djembe za Guinea na Mali huchongwa kwa miti migumu kama lenke, ambayo ni ndugu wa mkongo wetu, na gueni, ambayo ni ndugu wa mninga. Ukimpata fundi wa hapa anayechonga mkongo au mninga vizuri, nunua kwake. Zile ndogo za kuuzia watalii, zilizopakwa rangi na vanishi, hazitoi sauti tatu unazozihitaji.

Dunun tatu: kenkeni ndogo, sangban ya kati, dununba kubwa. Zina ngozi ya ng'ombe pande zote mbili, hupigwa kwa mkwiro, na juu yake hufungwa kengele ya chuma.

Viti visivyo na mikono. Vizibo vya masikio kwa atakayekaa karibu na dunun, na kwako wewe mwenyewe, maana unakaa humo kila siku.

Na mwalimu. Hiki ndicho wengi wanakiruka. Kama huna mtu aliyekufundisha mdundo, huna mdundo wa kufundisha. Una video tu.

HATUA

1. Jifunze kwa mtu, umlipe, ulishike jina lake.

Wapo wapigaji kutoka Guinea, Mali, Burkina Faso na Côte d'Ivoire wanaofundisha kwa njia ya mtandao, na wapo wanaoishi katika miji yetu. Tafuta mmoja ukae naye. Muulize alijifunza kwa nani, nawe uandike. Wamande huthamini sana mnyororo huu: mpigaji hutambulishwa kwa mwalimu wake na kijiji chake. Famoudou Konaté, aliyezaliwa 1940, hutajwa pamoja na Sangbaralla. Mamady Keïta, aliyezaliwa 1950 na kufariki 2021, hutajwa pamoja na Balandugu. Kwao, anayekwenda kwa mkubwa kuomba elimu hupeleka kokwa za kola. Wewe peleka ada, ilipwe kwa wakati na bila kuombwa punguzo la "ndugu yangu Mwafrika".

Onyo: mwalimu akikuruhusu kumrekodi ili ukajifunze nyumbani, hajakuruhusu kuitundika rekodi hiyo mtandaoni wala kuiuza. Muulize mara ya pili, kwa jambo hilo la pili.

2. Chagua mdundo mmoja, uujue kwao.

Kwa wanaoanza napendekeza Kuku. Walimu wengi wa Guinea husimulia kwamba asili yake ni eneo la Beyla, kusini-mashariki mwa nchi, na kwamba wanawake waliucheza kwa duara wakirudi kuvua samaki. Siku hizi hupigwa kwenye sherehe yoyote ile, kwa hiyo hauvunji mwiko wa mtu ukiupiga mahafali ya shule. Walimu hao hao hueleza kuwa dunun ziliingizwa baadaye. Waeleze wanafunzi na hilo pia. Wajue kwamba hata huko kwao mila inatembea.

Kassa nao ni mzuri kwa kuanzia. Ni mdundo wa shambani, unaopigwa watu wakilima au wakivuna pamoja, na nyimbo zake hushikika upesi.

Ipo midundo ya kuwa nayo makini. Soli huambatana na tohara ya vijana. Msomaji anayejua jando na unyago hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini hauwi burudani ya keki ya kuzaliwa. Dununba (hapa si ile ngoma kubwa) ni ukoo mzima wa midundo ya wanaume wenye nguvu katika eneo la Hamana, Guinea, ambako marika yalipimana ubavu hadharani. Sorsornet ni ya Wabaga wa pwani ya Guinea na ina kinyago chake. Wazee wenyewe hufundisha midundo hii kwa wageni siku hizi, kwa hiyo sisemi isiguswe. Nasema usiifundishe kabla hujaweza kueleza hupigwa lini, na nani, kwa ajili ya nini.

Pia jua kama ulichofundishwa ni cha kijijini au cha jukwaani. Fodéba Keïta aliunda Les Ballets Africains huko Paris miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na Guinea ilipopata uhuru 1958 kundi hilo likawa la taifa. Hapo ndipo mdundo ambao kijijini ungekwenda usiku kucha ulipofupishwa ukawa wa dakika chache, wenye kuanza na kukoma kwa pamoja na vituo vya kumshtua mtazamaji. Mengi tunayoyapokea leo yamepitia huko. Si vibaya hata kidogo, ila yaite kwa jina lake.

3. Panga watu kabla ya ngoma.

Nusu duara, dunun katikati, djembe pembeni, nafasi ya wachezaji mbele. Hamana kila dunun ina mpigaji wake: imelazwa, mkono mmoja una mkwiro kwenye ngozi, mkono wa pili unagonga kengele. Mtindo wa kuzisimamisha zote tatu apige mtu mmoja ni wa jukwaani. Bamako mpangilio ni mwingine tena, na konkoni, dunun yao ndogo, haina kengele. Fuata mpangilio wa mwalimu wako, usichanganye.

Pete na saa zivuliwe. Pete inakata ngozi, inachubua ukingo, na inaumiza kidole chenyewe. Djembe iinamishwe mbele kidogo ili tundu la chini lisizibwe na sakafu, ama sivyo besi haitasikika kabisa.

Usiruhusu mtu kuikalia djembe, kuweka chupa ya maji juu ya ngozi, au kuitumia kama meza ya simu. Sheria hii iwe ya siku ya kwanza, na nawe uifuate.

4. Anza na mdomo na miguu.

Kabla ya mkono kugusa ngozi, darasa zima litembee papo hapo, kushoto, kulia, na kuutamka mdundo kwa mdomo. Asiyeweza kuutamka hawezi kuupiga. Walimu wengi duniani hutumia silabi gun, go, do, pa, ta. Hizo zilienezwa na Babatunde Olatunji, Mnigeria aliyefundisha Marekani hadi alipofariki 2003. Si za Wamaninka. Ukizitumia, mtaje. Kama mwalimu wako ana silabi zake, tumia zake.

Usiwape karatasi yenye nota wiki za mwanzo. Midundo ya Wamande ina mwendo ambao umbali kati ya pigo na pigo haulingani sawasawa. Mwandiko unaunyoosha, na wakishauzoea ulionyooka itakuchukua muda mrefu kuwarudisha. Ndiyo sababu hata mimi siandiki hapa Kuku inapigwaje.

5. Fundisha sauti tatu, polepole.

Besi: kiganja chote karibu na katikati ya ngozi, kishuke na uzito wa mkono kisha kiruke juu mara moja. Ukikiacha kimelala, unaikaba sauti.

Toni: vidole vimekaa pamoja, mzizi wa vidole juu ya ukingo, kidole gumba nje. Sauti ni ya duara, yenye kuimba.

Slapu: mahali ni pale pale, lakini vidole vimelegea na kuachana kidogo, ncha zake ndizo zinazogonga. Sauti ni kali na kavu. Nguvu haisaidii kitu hapa. Anayetafuta slapu kwa nguvu huishia na vidole vilivyovimba.

Zoezi la kutosha kwa wiki mbili: besi kulia, besi kushoto, toni kulia, toni kushoto, slapu kulia, slapu kushoto, kisha nyamaza kwa hesabu mbili. Rudia. Hili ni zoezi tu, si mdundo wa watu wowote, na waambie hivyo ili wasiende kulipiga mahali wakiliita ngoma ya Guinea.

6. Waweke kwenye dunun mapema.

Kosa kubwa ninaloliona madarasani ni djembe kumi na tano bila dunun hata moja. Kinachobaki ni kelele zenye mpangilio. Wimbo wa midundo hii uko kwenye dunun, na aghalabu sangban ndiyo inayokuambia huu ni mdundo gani. Visindikizo vya djembe hufanana kati ya mdundo mmoja na mwingine, hata mpigaji mzoefu husubiri sangban iingie ndipo ajue.

Anza na kenkeni na kengele yake. Mikono miwili ikikataa kufanya kazi mbili, mmoja ashike kengele na mwenzake ashike mkwiro, kisha wabadilishane. Ongeza sangban. Dununba ije mwisho. Kila mwanafunzi, hata anayelilia djembe, apite kwenye dunun zote tatu.

Kama huna uwezo wa kuzinunua, tumia ngoma za hapa zenye ngozi ya ng'ombe, tatu za sauti tofauti, na kipande cha chuma kinacholia vizuri kwa kengele. Zitaje kwa majina yake: "Leo msondo unashika nafasi ya sangban." Mtoto aondoke akijua msondo ni nini na sangban ni nini.

7. Unganisha kwa mwito.

Djembe kiongozi hupiga mwito, wote huingia pamoja; mwito huo huo huwasimamisha. Fundisha mwito kama kitu cha kusikiliza kabla haujawa kitu cha kupiga. Darasa likisimama pamoja mara tano mfululizo bila mtu kubaki nyuma, liko tayari kuendelea. Kabla ya hapo usiongeze kasi.

8. Leta wimbo na uchezaji.

Mdundo usiochezwa haujakamilika. Kijijini mpigaji wa solo hajionyeshi. Anatazama miguu ya anayecheza na kuijibu. Mchezaji ndiye anayemwita, ndiye anayempandisha, na akitoka uwanjani solo imekwisha. Basi mfundishe kila mpigaji hatua mbili au tatu, halafu mweke mmoja acheze na mwingine amfuate kwa djembe. Watajifunza hapo kuliko kwenye masomo kumi ya solo za kukariri.

Wimbo ufundishwe kwa lugha yake, na maana yake upewe na mwalimu wako. Kama hakukupa maana, mrudie. Usitunge.

Hapa pia ndipo mahali pa masimulizi. Moribayassa, kwa mfano, hupigwa kwa ajili ya mwanamke aliyeweka nadhiri kwa shida kubwa, pengine ya kukosa mtoto, na ikajibiwa: huvaa nguo zilizochakaa, huzunguka kijiji akiimba na kucheza huku wapigaji na wanawake wenzake wakimfuata, kisha nguo hizo huzizika. Darasa likilisikia hilo kwanza, hutahitaji kuwaambia "pigeni kwa hisia".

9. Jukwaani, tangaza.

Kabla ya mkwiro wa kwanza mtu mmoja aseme maneno machache: jina la mdundo, watu wake, hupigwa lini, nani alitufundisha, naye alifundishwa na nani. Sekunde thelathini zinatosha. Yaandikwe pia kwenye ratiba.

Kuhusu mavazi: nguo safi za kikundi chako, kanga, kitenge, chochote mnachokivaa kweli. Usiwavike watoto vitambaa vya madoa ya chui na kuwachora nyuso chokaa ili waonekane "wa asili". Hakuna Mmaninka anayevaa hivyo kwenye harusi ya dada yake.

Mkilipwa, mpelekee mwalimu wako sehemu. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na katika jambo hili ni rahisi sana kuivuta yote.

MASWALI YANAYORUDI

Wasichana wapige? Katika vijiji vya Wamaninka djembe ilikuwa ya wanaume. Wanawake waliimba, walicheza, walipiga makofi, na walikuwa na ala zao kama kibuyu cha kupigwa juu ya maji. Leo Conakry wapo wanawake wanaopiga djembe kama kazi, na walimu wakubwa wa Guinea wamefundisha wanawake kwa miaka mingi. Kwa hiyo wapige, na waelezwe historia hiyo. Lakini usichukue jibu hili ukalipeleka kwenye kila ngoma. Burundi, ambako ngoma za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO 2014, amri ya rais ya 2017 ilikataza wanawake kuzipiga. Kila ngoma ina wenyewe, na waulizwe wao.

Mzazi anasema ni uchawi. Msikilize kwanza, usimcheke. Kisha mweleze kwamba Wamaninka wengi ni Waislamu, na djembe husikika kwenye harusi, kwenye sherehe za kumpa mtoto jina na wakati wa sikukuu. Mwalike aje akae darasani. Kama kuna mdundo ambao bado hauafiki, mtoto wake asiupige, basi.

Djembe ni ya kina griot (wasimulizi na waimbaji wa kurithi) tu? La. Jeli, yaani griot, ana ala zake, balafon, kora na ngoni, na hizo hurithiwa ndani ya koo. Wahunzi, wanaoitwa numu, ndio wachongaji wa djembe tangu zamani. Lakini kuipiga djembe hakufungwi na ukoo. Anayeiweza huitwa djembefola, awe wa ukoo wowote.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kasi inapanda yenyewe. Karibu kila mara chanzo ni kenkeni. Nyamazisha djembe zote, iache kenkeni na kengele dakika nzima, watu watembee, kisha rudisha sangban, halafu wengine.

Toni na slapu zinafanana. Mwanafunzi amekaza mikono. Arudi kwenye toni peke yake, kwa sauti ndogo, mpaka iimbe. Slapu itafutwe baada ya hapo kwa kulegeza vidole, si kwa kuongeza nguvu.

Mikono inauma. Uwekundu na joto ni kawaida siku za mwanzo. Vidole vikivimba au kupasuka, mwanafunzi ahamie dunun au wimbo. Na baada ya kupiga kwa muda mrefu, mkojo ukiwa mwekundu au wa kahawia, aache kupiga na aende hospitali siku hiyo hiyo. Kugonga kwa kishindo huweza kuvunja chembe za damu.

Mkuu wa shule anataka mseto wa makabila kumi kwa dakika tano. Mpe mdundo mmoja wa Guinea na ngoma moja ya mkoa wenu, kila moja ikitangazwa kwa jina lake. Mara nyingi hukubali, kwa sababu hupendeza zaidi.

Djembe imelegea. Pwani unyevu hulegeza ngozi kila msimu wa mvua. Iweke juani kwa muda mfupi au mbali kidogo na moto, ukiigeuza, kama wanavyofanya wenyewe kabla ya sherehe. Ikilegea kabisa, vuta kamba za wima kwa kusuka safu mpya, kidogo kidogo, ukiiacha ilale siku moja kati ya safu na safu. Usiiache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani; ngozi hupasuka.

Ngozi imepasuka. Unaweza kuiwamba mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi iliyolowekwa usiku kucha, ila kuwa mwangalifu na ngozi mbichi isiyojulikana imetoka wapi. Vumbi lake linaweza kubeba kimeta. Mwaka 2006 mtengenezaji wa ngoma huko New York aliugua ugonjwa huo kutokana na ngozi alizokuwa akizifanyia kazi. Nunua ngozi ya mnyama aliyekaguliwa machinjioni, ikwarue manyoya nje penye hewa ikiwa bado imelowa ili isitoe vumbi, funika pua na mdomo, nawa mikono hadi viwikoni ukimaliza, na wanafunzi wasiwe karibu wakati unafanya kazi hiyo.